Nondo Zimeingia Msituni

Tulipomzika Eliwaza kule Pangani, wanawe walinikalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, wakanipa chai ya rangi na andazi la moto. Kitindamimba wake, ambaye kachukua sura ya mama yake mpaka unataka kumkemea kwa mazoea, akanichutamia mbele akasema, "Shikamoo bibi. Samahani, eti wewe na mama mlijuana wapi?" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia, "Tulijuana kwenye nondo." Akatikisa kichwa kwa adabu, kisha nikamsikia anamweleza mkewe kwamba huyu bibi zamani alikuwa fundi ujenzi pamoja na mama. Nikacheka. Kaburi bado bichi, mimi nacheka mpaka chai inanimwagikia kwenye kanga. Watu wakageuka kunitazama, na wanitazame. Ingalikuwa mimi ndiye niliyefukiwa na Eliwaza ndiye aliyekalishwa pale, angalicheka kuliko hivyo, tena angeomba andazi la pili.

Nimerudi kwangu Nguvumali, nimevua viatu, nimekaa barazani, na kila nikifumba macho nausikia ule msitu. Basi naandika. Shule niliishia darasa la nne, lakini kalamu naishika, na wajukuu zangu wote walioenda vyuo wamezisomea ABCD zao kwenye mapaja haya haya. Sitawaeleza nilizaliwa na nani, wala nani alinioa na kwa nini akaniacha. Hayo yana wenyewe wa kuyasema, na wanayasema mpaka leo. Nautaka mwaka mmoja tu, ule niliokuwa msichana mwenye talaka mbichi na jembe jipya, ninaishi kambini kando ya msitu wa mitiki, bara kidogo, ukishayapita mashamba ya mkonge.

Chumba chetu kilikuwa cha mwisho kwenye safu. Fito, udongo, na bati lililokuwa limetumika mahali pengine kabla yetu, limejaa vitundu vya misumari ya zamani, kwa hiyo asubuhi jua lilipenya likamwaga punje za mwanga juu ya vitanda vyetu vya kamba, na sisi tunazitazama zinatambaa, hatutaki kuamka. Eliwaza alikuwa Msambaa wa milimani, Mlutheri, mrefu, mikono kama ya mwanamume na sauti kama ya kinanda cha kanisani. Kati ya vitanda vyetu palikuwa na kasha la mbao, juzuu yangu upande huu, kitabu chake cha nyimbo upande ule, na katikati kibatari kinachotumikia dini zote mbili. Tulichogombania si dini, ni makande. Yeye alipika mahindi na maharage yakaiva, akatia chumvi, akasema tayari. Mimi nikitaka kutia tui la nazi, anaifunika sufuria kwa kiwiliwili chake chote. "Makande hayatiwi tui, Mwantumu! Utayafanya yawe pwani!" Namwambia, "Na wewe usipoyatia tui yatabaki mlimani, yatatushukia lini?" Siku nyingine tulisonga bada langu la unga wa muhogo, tukalila na ng'onda, samaki mkavu wa pwani, na kisamvu, na yeye analitazama lile tonge jeusi linavyovutika, anasema kwao kitu hicho hubandikia mabango. Halafu anakula kuliko mimi.

Ukuta wa pili tulipakana na Nyapara Bakari na mkewe, Bi Chausiku. Ukuta ule ulikuwa haufichi neno. Tulijua nyapara anaumwa mgongo upande gani, tulijua Bi Chausiku anamnyima chai kwa kosa lipi, na wao bila shaka walitujua sisi vivyo hivyo, maana mara nyingine tukiwa katikati ya ubishi, Bi Chausiku anatia hukumu kutoka kwake: "Tieni tui nusu sufuria, mlale!"

Sheria ya kule ilikuwa hivi. Msitu ni wa serikali. Wewe unapewa kipande kwenye mitiki midogo, unapanda mahindi na kunde zako katikati ya mistari, na ukipalilia chako umepalilia na mti wao. Miti ikikua imenyooka mpaka ikafunga kivuli, kazi yako imekwisha, chakula hakioti tena hapo, unahamishwa unapewa kipande kipya kwingine. Miti ikikuharibikia mkononi, hupewi kitu, unafunga mizigo. Na mimi mizigo hiyo sikuwa na pa kuipeleka. Kipande changu kilikuwa kitu cha kwanza duniani kuitwa kwa jina langu. Nyapara aliposimama pale mwanzoni akapaza sauti, "Shamba la Mwantumu!" niliangalia nyuma kuona Mwantumu gani anaitwa. Mwaka ninaousema, miti yangu ilikuwa imenizidi kimo na majani yake, makubwa kama sinia, yameanza kugusana mstari kwa mstari. Jani la mtiki likiwa changa ukilisugua kiganjani hutoa wekundu kama hina. Nilikuwa nayasugua kila asubuhi nikienda shamba. Nilikuwa bibi harusi wa msitu, basi.

Mwanzo wa masika tukaletewa bwana miti mpya, Bwana Shija, kijana wa Usukumani, mwembamba, mwenye bidii inayokera. Jioni moja alisimama mbele ya ghala, watu wote tumetoka shamba tumechoka, akatangaza kwa sauti kubwa: "Ndugu zangu, nondo zimeingia msituni! Ni nyingi sana! Kesho alfajiri kila mwenye shamba afike tuzitoe!"

Nataka mtu asiyekuwa wa wakati ule anielewe. Nondo, vile vyuma vya kujengea, zilikuwa hazionekani. Msikiti wa kambini ulifika kwenye lenta ukasimama, popo wakahamia. Kanisa la kina Eliwaza, hatua chache mbele, lilifika kwenye lenta likasimama, mbuzi wakahamia. Watu walikuwa wanaswali na kusali chini ya makuti wakiombea chuma. Sasa anakuja mtu wa serikali anatangaza kuwa nondo zimeingia, tena ni nyingi, tena tukazitoe. Ukutani tukamsikia Nyapara Bakari anamnong'oneza mkewe, "Usimwambie mtu. Nitatangulia na mkokoteni." Bi Chausiku akamjibu kwa sauti ya kawaida, "Nimwambie nani, na kambi nzima ilikuwepo?" Eliwaza alishachomoka, amekwenda kumgongea mwinjilisti.

Alfajiri ile naiona kama ndoto niliyoota nikiwa na homa. Ukungu umeshuka mpaka magotini, mitiki imesimama ndani yake haina miguu, na kutoka kila upande watu wanatokeza: wenye baiskeli, wenye kamba mabegani, wanawake wamejikunjia kata kichwani tayari kubeba. Nyapara na mkokoteni wake. Mwinjilisti na msumeno wa chuma. Hakuna anayemsalimu mwenzake, kila mmoja anajifanya kapita tu. Bwana Shija alipouona umati ule machozi yakamlenga. Hakuwahi kuitikiwa namna hiyo. Akatushukuru, akaingiza mkono kwenye kichaka chini ya miti, akatoka na kitu, akafungua kiganja mbele yetu.

Alikuwa mdudu. Kapepeo kadogo, rangi ya jani bovu, kamelala kifudifudi. Bwana Shija akakagusa kwa ncha ya kidole, kakafungua mbawa, na chini ya ule ukahawia mkavu kakawa na nyeusi na manjano ya kuwaka, kama mwanamke wa Ngamiani aliyevaa buibui kuukuu, upepo ukalipeperusha, ukaona gauni la ndani. Nakumbuka nilisema moyoni, lo, kumbe na wewe unajipamba. Ukungu unapita. Kisha Bi Chausiku akasogea, akainama juu ya kile kiganja, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni ya milimita ngapi?"

Watu walianguka chini. Kweli, walianguka. Mwinjilisti alikalia msumeno wake. Nyapara peke yake hakucheka. Alikuwa na hasira ya mtu aliyesukuma mkokoteni mtupu mlimani. "We bwana miti," akasema, "aliyekusomesha Kiswahili ana dhambi. Zimeingia ni vyuma! Mdudu ana roho. Wameingia! Sema nondo wa-me-i-ngi-a, mtu akae nyumbani kwake!" Bwana Shija, masikio yamemsimama, akajibu, "Mzee, kwetu vyote vinaingia tu." Na hapo hapo watu wakaanza kuondoka. Yule kijana anawafuata nyuma anapiga kelele kuwa hawa watataga, kwamba hawa si wa kwetu wametoka mbali, kwamba watoto wao wanakula mtiki mpaka kijiti, na watu wanamjibu bila kugeuka, "Tuwekee za kumi na mbili!" Nilicheka pamoja nao. Tulicheka siku nyingi, habari ikashuka mpaka Muheza, watu wakitukuta sokoni wanatuuliza bei. Na sisi tukicheka, wao walikuwa wanataga.

Nilipowasikia mara ya kwanza nilidhani mvua. Niko shambani napalilia, jua kali, na kote kunanyesha, manyunyu mepesi juu ya majani makavu, trrr, trrr, hayakatiki. Nikanyosha kiganja. Hakikulowa. Kikadondokewa na punje nyeusi ndogo ndogo, kama ufuta. Nikatazama juu. Yalikuwa mavi. Ilikuwa mvua ya mavi ya viwavi, maelfu kwa maelfu huko juu, kila jani limekunjwa pembe kama sambusa na ndani yake kuna mwenyewe anatafuna. Sijui niseme nini kwa watu ambao hawajawahi kusimama mahali kama pale. Inapaswa nikuambie niliogopa, na niliogopa, lakini si kwanza. Kwanza nililegea. Mlio ule ulikuwa unabembeleza. Viwavi walikuwa wanajishusha kwa nyuzi zao, nyuzi laini za hariri zisizoonekana mpaka jua lizipige, na nikitembea zinanikatikia usoni, kwenye nyusi, kwenye kanga, mpaka nikitoka shambani ninang'aa mwili mzima. Eliwaza alinikuta nimesimama tu katikati ya mstari, jembe liko chini. Akasema, "Shoga, unafunikwa." Akaanza kunibandua nyuzi zile usoni kwa vidole vyake vikubwa, taratibu, huku juu kunanyesha.

Siku chache tu baadaye majani yalibaki mishipa. Ukitazama mbinguni kupitia kwayo unaona kama kimia cha dirishani. Na kupitia kimia hicho, mwanga ukashuka. Hapa ndipo pagumu pa kueleza. Kivuli kilikuwa kimeanza kunifungia, kunde zangu zilikuwa zimeshaanza kujivuta, nyembamba, za kizungu kwa kukosa jua. Ghafla jua likamwagika lote. Ile mvua nyeusi ikawa mbolea. Kunde zikanenepa, zikatambaa, zikapanda mpaka kwenye miguu ya miti. Mihindi ikabeba mahindi pacha. Tulikula kisamvu cha kunde asubuhi na jioni, tukapika futari ya maboga yaliyoota yenyewe. Kwa hiyo niambie, mtu mwenye tumbo angechukia vipi? Chini shamba langu linacheka, juu miti yangu inakufa, na mimi katikati nimesimama. Kama miti ile ingeniharibikia, ule ungekuwa mlo wangu wa mwisho, na nilijua. Nilijua kila nikimenya ganda.

Wengine nao walikuwa na macho. Kipande changu kilikuwa bondeni, penye unyevu, kwa hiyo kilistawi kuliko vyote. Wanawake wakaanza kunitupia maneno kisimani. "Wenzetu wana mifugo." "Wana mifugo isiyokunywa maji." Tena kulikuwa na jambo jingine. Sisi watu wa pwani, kipepeo akiingia ndani jioni akatua ukutani, ni mgeni. Humuui. Unamwambia karibu, kama wa heri kaa, kama wa shari pita. Nondo wale waliingia chumbani mwetu, na mimi nikawa nawachukua kwa viganja viwili, nawatoa nje, nawaachia. Mtu akaniona. Usiku ule ukuta ukatuletea sauti ya Nyapara: "Nasema huyu mtoto wa kike anawafuga. Nitamwambia bwana miti kipande kile apewe mwingine." Na Bi Chausiku: "Anawafuga kwa zizi gani, mzee? Lala." "Ameonekana anawaachia." "Hata mimi nawaachia. Na mama yako angewaachia." Eliwaza akaketi kitandani kwake, akaubandika mdomo kwenye ukuta, akasema kwa ile sauti yake ya kinanda, "Shikamoo baba nyapara! Tunasikia!" Hapakusikika pumzi mpaka asubuhi.

Bwana Shija hakunifukuza. Alikuja mlangoni kwangu akiwa amechoka, amekonda zaidi, nyuzi za viwavi nyweleni. Tangu ile alfajiri alikuwa hatamki tena neno nondo. Alikuwa anawaita "hawa jamaa." Wanawake tulikuwa uani kwa Bi Chausiku tunachambua kunde, akasimama mbele yetu akaomba. Alieleza vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema mti mkubwa ukiliwa majani huchipua tena, lakini mti mchanga ukiliwa ile ncha ya juu, hutoa ncha mbili, unakuwa panda, na mti wa panda si mbao tena. Kizazi hiki cha viwavi kinashuka sasa kulala chini ya majani makavu, kikiamka kitakuwa jamaa wenye mbawa, watataga tena, na safari hii ncha hazitapona. Tukiwazuia hapa katikati, tumepona. Tuokote waliolala chini. Tuwashe karabai jioni, tuweke karai la maji ya sabuni chini ya taa, waje wenyewe. "Mama zangu nawaomba," akasema, "msiwaonee huruma. Hawa ni wageni."

Alaa! Bi Chausiku akaweka ungo chini. "Umesemaje?"

"Ni wageni, mama. Si wa msitu huu."

"Wewe baba, kwenu mgeni mnamtia kwenye karai la sabuni?"

Eliwaza akaziba mdomo kwa kanga. Bwana Shija akajishika kichwa kwa mikono yote miwili, nikamwona anatafuta neno. Kijana wa watu Kiswahili kilikuwa kimemgeuka mara mbili. Nikamwonea huruma, nami ndiye niliyekuwa na cha kupoteza kuliko wote pale. Na sijui nilikitoa wapi, kikanitoka tu: "Bi Chausiku, mgeni siku mbili."

Akanitazama. Kila mtu aliyepata kula chakula cha pwani anajua kinachofuata. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bi Chausiku akageuza uso akautazama msitu, ile miti mitupu iliyosimama kama miiba ya samaki aliyeliwa. Akaitazama muda mrefu. "Siku ya tatu ilishapita," akasema mwishoni. "Na jembe sikuwaona wanashika." Akainuka, akajifunga kanga kiunoni. "Leta hayo makarai."

Basi tuliwatoa. Asubuhi tulipiga magoti kwenye mistari tunafunua majani makavu, na kila jani limebeba bubu wake, kiwavi aliyelala, kakahawia, kamefungwa, kanatikisika ukikashika. Tuliwamwagia kuku kwa vikapu. Mayai ya mwaka ule yalikuwa na kiini chekundu kama machweo, ukiyakaanga kikaango kizima kinapata rangi. Jioni, Magharibi ikishaswaliwa, karabai zinawashwa. Wanaume wa msikitini walitundika yao juu ya mlingoti huku, wanaume wa kanisani kule, na palikuwa na mashindano ambayo hakuna aliyekiri. Msitu wote mweusi, na ndani yake taa zinanguruma kwa sauti yao moja, shshsh, na kuzunguka kila taa wanazunguka wao, wanaingia kwenye mwanga wakionyesha magauni yao ya manjano, wanatoka, wanaingia, mpaka wanashuka majini. Nyapara anapita na mkokoteni wake akibeba mafuta, watu wanampigia kelele, "Nyapara, leo nondo zimejaa!" na yeye sasa anajibu, "Wa-me-jaa!" Nilikaa kando ya karai langu naangalia. Walikuwa wazuri. Naandika hivi bila aibu, nikiwa mwanamke niliyewaua. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo na nimeona watu wengi wanaodhani kitu kibaya lazima kiwe na sura mbaya. Hao watadanganywa mpaka wafe.

Jioni moja tuliporudi chumbani, mmoja alikuwa ametua ukutani juu ya kitanda changu, mbawa wazi. Eliwaza alisimama mlangoni na taa mkononi, akamtazama yeye, akanitazama mimi. "Siku ya ngapi?" akauliza. "Ya tatu," nikasema. Nikavua kandambili.

Kizazi cha pili kilitoka, lakini chembamba. Tena kikashikwa na ugonjwa. Tuliwakuta viwavi wananing'inia kichwa chini kwenye vijiti, wamelegea, wameoza wakiwa hapo hapo kama soksi mbichi, ukiwagusa wanapasuka maji. Nilikuwa nataka kuwakwangua, Bwana Shija akanikimbilia, "Waache, dada, waache! Hao sasa ni vibarua wetu, watawaambukiza wenzao." Tukawaacha. Mvua za mwisho za masika zikawaosha, na siku moja nilikwenda shamba, sikusikia kitu. Msitu uliokuwa ukitafuna umenyamaza. Nilisimama nikasikiliza ule ukimya kama mtu anavyosikiliza mtoto aliyeacha kulia. Kijani kikaanza, kwanza kama ukungu, halafu vidole, halafu viganja.

Lakini ncha zilikuwa zimeguswa. Miti yangu mingi ilitoa mbili. Bwana Shija alinionyesha mara moja tu: unauinamisha mti taratibu, unaziangalia ncha zote mbili, unachagua iliyosimama vema, nyingine unaikata. Usikate zote, usiache zote. Kazi hiyo tuliifanya mimi na Eliwaza, shamba langu kwanza, kisha lake, maana peke yako huwezi kuinamisha na kukata. Yeye na mikono yake aliushusha mti mpaka ncha zinanifikia usoni, mimi na kisu. Eliwaza alikuwa anasema nazo. "Wewe kaa, baba. Wewe, pole, nenda." Kwa kila mti. Mimi nikamwambia aache, tutafika mwakani. Akasema, "Mwantumu, ukimkata mtu umwambie." Siku hizo zote zimechanganyika kichwani mwangu zikawa siku moja ndefu: jua linapita kwenye majani mapya, wekundu wa mtiki umetupaka mpaka viwiko, yeye anainamisha, mimi nakata, na mti ukiachiwa unarudi juu kwa kishindo chepesi, unatikisika, unasimama. Wakati mwingine hatukubaliani ncha ipi. Tunakaa chini kabisa kubishana, tunakula kunde baridi kwenye kifuniko, tunainuka, tunakata aliyoitaka yeye.

Mkubwa wa misitu alikuja kukagua vuli ilipokwisha. Mtu mnene, kofia ya ukindu, hasemi. Alipita mstari kwa mstari, anakishika kishina, anatazama juu, anakwenda kwa mti mwingine, Bwana Shija nyuma yake anapumua kwa shida kuliko mimi. Mimi na Eliwaza tulifuata kwa mbali. Sikuwa nawatazama wao, nilikuwa natazama chini, maana hapo ndipo nilipoiona habari kabla haijasemwa. Kunde nilizopanda vuli zilikuwa hazijatoa ua hata moja. Zimejinyosha, nyeupe nyeupe, zinautafuta mwanga. Ardhi ilikuwa baridi. Majani makubwa kama sinia yalikuwa yameshikana juu yetu yote, mstari na mstari, shamba langu na lake, pasipo kitundu. Tulikuwa tunatembea ndani ya maji ya kijani.

Yule mkubwa akafika mwisho wa shamba, akageuka. "Imenyooka," akasema. Ndilo neno la kwanza nililomsikia. Akamwambia Bwana Shija, "Hata dalili ya panda huoni. Mpe hongera mwenye hili shamba." Nyapara Bakari akakohoa, akapaza sauti mbele ya watu wote kama ile mara ya kwanza, "Shamba la Mwantumu!" Nikamjibu, "Ndiye mimi," na sauti ilinitoka kubwa. Mkubwa akanitazama sasa, akatabasamu. "Hongera, mama. Kivuli kimefunga. Hapa hapalimwi tena." Nikapewa kipande kipya, ng'ambo ya mto, kambi nyingine. Eliwaza naye miti yake ilipita, akapewa chake, upande wa juu kabisa, kwenye njia ya kwao milimani. Hakuna aliyetukosea. Ndivyo ilivyokuwa sheria, na mimi ndivyo nilivyotaka, nilipigania hivyo kwa magoti yangu.

Wakaondoka. Tukabaki wawili chini ya miti, na gunia la kunde kavu za masika, za mwisho. Eliwaza aliutazama ule mtiki uliokuwa karibu naye, akaupiga kofi kidogo kama unavyompiga mtoto aliyefaulu.

"Tumeshinda, shoga?" akaniuliza.

"Tumeshinda," nikamwambia. "Kamata upande huo wa gunia."